Wimbo uleule, koo la miaka 70: kwa nini Johnny Cash alirekodi upya nyimbo zake

Tafuta "Give My Love to Rose" kwenye programu yoyote ya muziki, na Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, atakujia zaidi ya mara moja. Kuna rekodi ya 1957, kuna ya 1964, kuna iliyonaswa mbele ya wafungwa Januari 1968, na kuna iliyotoka 2002, mwenyewe akiwa na miaka 70. Mwimbaji ni yuleyule na kisa ni kilekile. Lakini kila rekodi ilikuwa na sababu yake ya kuzaliwa, na moja kati yake, ile ya mwisho, naiona kuwa kubwa kuliko zote zilizoitangulia.

Wapenzi wa kantri ni wengi huku kwetu, hasa Kenya, ambako Jim Reeves, Dolly Parton, Kenny Rogers na Don Williams wamepigwa redioni miaka nenda miaka rudi. Na wengi wetu tumewahi kununua kaseti au CD ya "nyimbo bora", tukafika nyumbani na kusikia kitu kisichokaa sawa. Wimbo ndio wenyewe, sauti ndiyo yenyewe, ila gitaa la mwanzo limebadilika, mwendo umepungua kidogo, na pale mwimbaji alipokuwa akipanda juu sasa anapita chini chini. Wengi humaliza shauri papo hapo: mzee ameishiwa, anatafuta hela. Wakati mwingine ni kweli. Ila mara nyingi kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, biashara na uzee, na usipoyatenganisha huwezi kuitendea haki rekodi yoyote ya namna hii.

Nianze na biashara, maana ndiyo inayowachanganya watu zaidi.

Kila wimbo unaousikia una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi. Hiyo ni ya mtunzi, na mara nyingi anagawana na kampuni inayosimamia tungo zake. Ya pili ni ile rekodi yenyewe, sauti zilizonaswa siku fulani kwenye studio fulani, ambayo watu wa muziki huiita masta. Katika mikataba ya zamani ya Marekani masta ilikuwa ya lebo, yaani kampuni ya kurekodi, kwa sababu lebo ndiyo iliyolipia studio. Fikiria mshono na gauni: fundi anaweza kushona mshono uleule mara kumi, na kila gauni likawa na mwenyewe tofauti. Mwimbaji anayerudi studio na wimbo wake wa zamani anashona gauni jipya.

Wachache waliielewa hesabu hiyo mapema kama Dolly Parton. Aliandika "I Will Always Love You" alipokuwa akiagana na Porter Wagoner, aliyekuwa bosi wake kwenye kipindi cha televisheni, na mwaka 1974 rekodi yake ikafika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri. Elvis Presley alitaka kuuimba. Meneja wake, Colonel Tom Parker, akadai nusu ya haki za utunzi. Dolly akakataa, na amesimulia mara nyingi kwamba alilia usiku huo. Mwaka 1982 aliurekodi tena kwa ajili ya filamu, ukarudi nafasi ya kwanza kwenye chati ileile. Mwaka 1992 Whitney Houston akaupeleka dunia nzima, na 1995 Dolly akaurekodi mara ya tatu pamoja na Vince Gill. Masta zilipita mikono tofauti, ila utunzi haukuondoka mkononi mwake, na kila aliyeuimba alimlipa.

Linganisha na George Jones, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mwimbaji bora wa kantri aliyewahi kuishi. "He Stopped Loving Her Today" ya 1980 haikutungwa naye. Ilitungwa na Bobby Braddock na Curly Putman. Sheria ya Marekani haizilazimishi redio za kawaida, zile za mawimbi, kumlipa mwimbaji wala mwenye masta. Zinalipa upande wa utunzi tu. Kwa hiyo kila redio ya kule ilipoupiga wimbo huo, hela ilikwenda kwa watunzi, na Jones akapata jina. Mwimbaji wa aina hiyo anategemea matamasha na mauzo ya rekodi, na kwenye mauzo ya rekodi mkataba wa zamani humpa asilimia chache baada ya lebo kujirudishia gharama zake. Akirekodi upya kwa mkataba mzuri zaidi, au kwa fedha yake mwenyewe, sehemu inayomfikia inakuwa kubwa. Filamu na matangazo ya biashara ndiyo yanayonogesha zaidi, kwa sababu anayetaka kutumia wimbo humo lazima apate ruhusa mbili, ya utunzi na ya masta. Mwenye masta mpya anaweza kuuza ruhusa ya pili bila kuiuliza lebo yake ya zamani.

Je, sheria inaruhusu? Inaruhusu, na tangu zamani. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909 iliweka utaratibu kwamba wimbo ukishatolewa kwenye rekodi kwa idhini ya mtunzi, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya mradi alipe kiwango kilichowekwa. Na haki ya mwenye masta inalinda zile sauti zilizonaswa tu; haimzuii mtu mwingine kurekodi sauti zake mwenyewe, hata zikifanana na zile kama pacha. Ndiyo maana lebo zilijilinda kwa njia ya mkataba. Kifungu cha kawaida kinasema msanii hataurekodi tena wimbo huo mpaka ipite miaka mitano tangu utoke, au miwili tangu mkataba uishe, kutegemea ipi inachelewa. Muda ukipita, mlango uko wazi.

Mlango huo Taylor Swift, aliyeanzia Nashville kwenye kantri, aliupita mchana kweupe. Masta za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa 2019 bila yeye kuzipata, na kuanzia 2021 hadi 2023 akatoa nne kati yake zikiwa zimerekodiwa upya. Alijitahidi zifanane na za mwanzo kadiri inavyowezekana, kwa sababu lengo lilikuwa msikilizaji na mtengeneza filamu waziache zile za kwanza. Mwaka 2025 akazinunua masta zenyewe. Kwake kufanana ndiko kulikuwa kazi. Kwa mzee wa miaka 70, kama tutakavyoona, kufanana ndiko kunakoharibu.

Cash alirudia tena na tena, kila mara kwa sababu yake

Nimemchagua Johnny Cash kwa kuwa maisha yake yana aina zote za kurudia.

Alizaliwa Kingsland, Arkansas, mwaka 1932, akaanza kurekodi 1955 Memphis kwenye lebo ya Sun ya Sam Phillips. Vyombo vilikuwa vichache mno: gitaa lake, gitaa la umeme la Luther Perkins, na besi ya Marshall Grant. Hakukuwa na ngoma. Katika "I Walk the Line" ya 1956 Cash alipitisha kipande cha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa lake ili lipige mkwaruzo wa ngoma ndogo. Wimbo huo unabadilisha kii, yaani kimo cha sauti unamoimbwa, kila ubeti, na ndiyo maana anaguna kabla ya kuingia: anaitafuta noti yake. Ubeti wa mwisho anaurudisha chini oktava nzima kutoka alikoanzia. Ni utundu wa vijana watatu wenye vifaa vichache, na mpaka leo hauchoshi.

Mwaka 1958 alihamia Columbia. Alitaka kurekodi albamu ya nyimbo za injili, Phillips hakutaka, na mrabaha wa Sun ulikuwa mdogo. Akaziacha masta Memphis, na Sun ikaendelea kuzitoa kana kwamba bado yupo. Ndipo 1964 Columbia ikatoa albamu yenye jina la "I Walk the Line", ikiwa na nyimbo kadhaa za enzi ya Sun zilizorekodiwa upya. Alikuwa na miaka 32 tu, sauti ikiwa kamili. Kurudia huku kwa kwanza ni biashara karibu yote: lebo mpya ilitaka kuwa na nyimbo ambazo watu walikuwa wakizidai. Rekodi ni safi, zimepigwa vizuri, na hazikuwa na jambo jipya la kusema.

Halafu ikaja Folsom, na nisingependa kuipita, kwa sababu inaonyesha kwamba rekodi ya pili inaweza kuimeza ya kwanza. "Folsom Prison Blues" ya Sun ilifanya vizuri siku zake. Lakini Januari 1968 Cash aliupiga ndani ya gereza lenyewe la Folsom, California, mbele ya wafungwa, na rekodi hiyo ikafika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri mwaka huohuo. Ukimwomba mtu leo akupigie wimbo huo, mara nyingi atakupigia ile ya gerezani. Maneno hayakubadilika kwa jambo lolote kubwa. Kilichobadilika ni nani alikuwa akisikiliza.

Mwaka 1986 Columbia ilimwacha, baada ya karibu miaka thelathini. Akaenda Mercury, na 1988 ikatoka albamu ya nyimbo zake kubwa zilizorekodiwa upya, "Classic Cash". Ni albamu ninayoirudia mara chache na kwa huzuni. Sababu yake inaeleweka: Mercury ilikuwa na jina kubwa mkononi, ila nyimbo zote zilizolikuza jina hilo zilikuwa kwenye makabati ya kampuni nyingine. Tatizo ni mlio. Studio za miaka ya themanini zilipenda ngoma zinazogonga kwa mwangwi na vinanda vya umeme vinavyong'aa, na huo mng'ao ulimwagwa juu ya nyimbo ambazo nguvu yake ilikuwa uchache wa vyombo. Sauti ya Cash haikuwa mbaya. Lakini alikuwa akiimba kama mtu anayetembea juu ya nyayo zake za zamani, akijitahidi asizikosee. Karatasi ile kwenye nyuzi ilifanya kazi kubwa kuliko vifaa vyote vya 1988.

Hapo ndipo wengi waliamini kazi yake imekwisha. Mwaka 1993 akakutana na Rick Rubin, prodyuza aliyejengewa jina na rap na roki nzito, watu kama LL Cool J na Slayer. Rubin alimkalisha sebuleni kwake na gitaa, akamwambia aimbe chochote anachokipenda. Nyimbo nyingine zikarekodiwa kwenye kibanda cha Cash huko Hendersonville, Tennessee. Albamu iliyotoka 1994, "American Recordings", karibu yote ni mtu mmoja na gitaa moja. Inafunguliwa na "Delia's Gone", ambao Cash alikuwa ameshaurekodi mwanzoni mwa miaka ya sitini. Wa zamani ulikuwa na bendi nyuma yake. Huu mpya hauna pa kujificha: mtu anasimulia jinsi alivyomuua mwanamke, bila kupaza sauti, na unamwamini kwa namna inayoogopesha. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy, upande wa muziki wa folki wa kisasa.

Kinachotokea kooni

Hapa inabidi tuingie kwenye mwili, kwa sababu bila mwili hatuwezi kuelewa kwa nini Rubin alifaulu pale studio ghali ilipokwama.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ya misuli na utando ndani ya koo. Tunapozeeka misuli hiyo hupungua, utando hukauka na kupoteza unyumbufu, na nyuzi zinaweza kushindwa kufunga sawasawa. Pumzi hupenya katikati, na sauti huwa na ukwaruzo au uhewahewa. Wanaume sauti zao huelekea kupanda kidogo, na wanawake hushuka. Mapafu nayo hayabebi pumzi ndefu kama zamani, hivyo sentensi ambayo kijana aliimaliza kwa pumzi moja, mzee anaikata mara mbili. Mtetemo wa mwisho wa noti huwa mpana na wa polepole.

Ukimfungia mwimbaji wa namna hiyo bendi inayokwenda kwa mwendo wa 1957, kwenye kii ya 1957, unamshindanisha na kijana aliyekuwa yeye. Atashindwa, na msikilizaji atalisikia hilo kabla ya kulijua. Lakini ukishusha kii, ukapunguza mwendo na kuviondoa vyombo vinavyomfunika, kukata pumzi kunakuwa sehemu ya kusimulia. Anapokatiza, unangoja. Kantri inafaidika na hili kuliko aina nyingi za muziki, kwa sababu ni muziki wa visa, na msimulizi hahitaji noti za juu. Anahitaji uamini kwamba aliyasikia au aliyaona.

Cash hakuwa mzee tu; alikuwa mgonjwa. Mwaka 1997 aliambiwa ana maradhi ya mishipa ya fahamu, baadaye madaktari wakabadilisha jina la ugonjwa, na alilazwa mara kwa mara kwa nimonia. Albamu ya mwisho iliyotoka akiwa hai, "American IV" ya Novemba 2002, ina sauti ya mtu anayeihesabu pumzi yake. Na humo ndimo ilimo "Give My Love to Rose".

Kisa chake ni hiki. Mtu anamkuta mwingine kando ya reli, yu karibu kufa. Yule mtu ametoka kifungoni baada ya miaka kumi, alikuwa akijikokota kurudi Louisiana kwa mkewe Rose na mtoto wa kiume asiyemjua. Anaomba fedha zake zifikishwe, mkewe anunue nguo nzuri, mtoto aambiwe kwamba baba yake anajivunia, na Rose atafute mwenzi mwingine kwa kuwa si haki aishi peke yake.

Cash wa 1957 alikuwa na miaka 25. Anaimba kwa mwendo mwepesi, gitaa la Perkins likidunda kama gari moshi, na unamsikia kuwa yule msafiri aliyemkuta mtu njiani. Anatoa habari, anahurumia, kisha treni inaendelea. Cash wa 2002 ni yule aliyelala kando ya reli. Hakubadilisha nafsi yoyote kwenye maneno, hakuongeza ubeti wa maelezo. Ila anapofika kwenye yale maagizo, mke, mtoto, fedha, pumzi inamwishia pale ambapo ingemwishia mtu anayeagiza kweli. Kijana hawezi kuigiza hilo. Mwanzoni mwa 2003 rekodi hiyo ilimpa Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa kantri, kwa wimbo ambao miaka 45 nyuma ulitoka kwenye upande wa pili wa santuri, upande usiotegemewa. Mkewe June Carter alifariki Mei mwaka huo, na yeye akamfuata Septemba.

Ndiyo maana nasema kurudia huku kwa mwisho kulikuwa kitu kingine kabisa. Mkataba ulikuwepo, lebo ilikuwepo, fedha zilikuwepo. Lakini swali la 1964 na 1988 lilikuwa "nani anaimiliki rekodi", na la 2002 likawa "wimbo huu sasa unamhusu nani". Mwimbaji mwenzake wa kantri, Loretta Lynn, aliliuliza swali hilohilo kwenye albamu yake ya 2016, "Full Circle", iliyorekodiwa Hendersonville katika kibanda kilekile cha Cash na kusimamiwa na binti wa Lynn pamoja na John Carter Cash, mtoto wa Johnny na June. Ilipotoka Lynn alikuwa na miaka 83, na humo alirudia "Whispering Sea", utunzi wake wa kwanza, uliokuwa upande wa pili wa santuri yake ya kwanza ya 1960.

Kwa anayetaka kujua anasikiliza nini, usiutegemee mwaka wa toleo unaoonyeshwa kwenye programu, kwa kuwa mkusanyo wa 2015 unaweza kubeba rekodi ya 1957 au ya 1988. Tafuta mstari wenye herufi P ndani ya duara: huo ndio unaotaja mwenye rekodi na mwaka wake, tofauti na C, inayohusu maneno yaliyochapwa na picha ya jalada. Kama ni wimbo wa Cash wa enzi ya Sun na lebo hiyo haitajwi popote, ujue huenda ni wa kurudiwa. Angalia pia urefu wa wimbo. Tofauti ya sekunde ishirini au thelathini inasema mengi. Kwenye CD za bei nafuu taarifa ya kwamba nyimbo zimerekodiwa upya huandikwa nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo mno. Wauzaji hao ndio walioiharibia sifa kazi hii nzima, na ninawalaumu bila kusita, kwa sababu waliwafanya wasikilizaji wadhani kila mzee anayerudi studio anawauzia kivuli.

Juni 2024 ilitoka albamu nyingine ya Cash, "Songwriter", na yenyewe imeligeuza jambo zima. Sauti yake ilirekodiwa 1993, kabla ya Rubin, kwenye majaribio ya studio. Mwanawe John Carter na David Ferguson waliondoa vyombo vya wakati ule, wakaibakisha sauti, na kuwaita wanamuziki wapige upya. Hapa mwimbaji hakurudi. Wamerudi wenzake kumzunguka. Wapo waliofurahi na wapo walioona haifai kumpangia bendi mtu asiyeweza kukataa. Mimi naona kwamba bendi imepiga kwa adabu, bila ule mwangwi wa 1988. Nyimbo mbili za humo, "Drive On" na "Like a Soldier", zimo pia kwenye "American Recordings" ya 1994, akiwa peke yake na gitaa. Zipige kwa mfuatano, ya bendi kwanza kisha ya gitaa, na usikilize mahali anapovuta pumzi.